Jiko Lililokula Kilemba Changu

Najua nikianza tu mtacheka, na wengi wenu nusu ya habari hii mnayo, basi leo chukueni na nusu iliyobaki kutoka kwa mwenyewe, maana nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya sokoni. Ni kweli, nilisimama uani kwangu hapa Kasongo, kichwa wazi, siku ya soko, mama mkwe wangu ndiyo kwanza anaingia kutoka Kabambare, na mwanamume mmoja mrefu ameshika pindo la kanzu yangu anaipima na mimi bado nimo ndani yake.

Mke wangu Mwajuma alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Rashidi, na bado alikuwa hatoki chumbani mpaka arobaini itimie. Siku hiyo ya arobaini mama yake angefika, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu yule mama aliponioza binti yake alinitumia neno kupitia kwa mjomba (hamjasahau kwamba kwao mama mkwe na mkwe hawasemezani uso kwa uso, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini), akasema Mwajuma atapika jikoni, hatapika mvuani. Nikaapa. Miaka miwili ikapita, na jiko langu bado lilikuwa miti minne na majani juu, ukuta mmoja ulianguka masika na mwingine ulikuwa njiani. Mvua ikinyesha moto unazimika, isiponyesha moshi unampofusha mpishi. Sasa yule mama akatuma neno la pili: akifika asipoona jiko, anaondoka na binti na mjukuu wake, na mimi nitawafuata Kabambare siku nitakapokuwa nimejenga. Nami nilikuwa nimeshazoea kulala nikisikia pumzi za watu wawili chumbani, nikaogopa kwelikweli.

Mwajuma ndiye aliyekaa na hesabu. Nguo ndiyo fedha yetu, kila kitu ni mikono kadhaa ya kile kitambaa cheupe cha merikani, na yeye, mtoto yuko titini, alitandaza maharage juu ya mkeka akayagawa mafungu: haya ujira wa fundi, haya miti, haya kamba, haya majani ya kuezekea, haya udongo na wanawake wa kupiga sakafu, haya chakula cha mafundi (mimi hilo la chakula nilikuwa nimelisahau kabisa). Jumla mikono sabini. Kisha akasogeza fungu moja dogo pembeni, maharage kumi.

"Na haya?" nikamuuliza.

"Haya iko ya ile jambo hatujue bado."

Mimi ni mshona kanzu. Nguo nimeipima tangu ndevu hazijaota, kuanzia kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole, hakuna anayenifundisha mkono ni nini. Nikajiambia, hofu ya mzazi hiyo, jambo gani hilo tusilolijua? Nikatoa sandukuni mikono sabini nikaikunja vizuri, na ile kumi (sikilizeni akili ya mtu mzima) nikaifua, nikaitia maji ya wali ikakakamaa vizuri, nikajifunga kilemba cha kumpokelea mama mkwe. Kilikuwa kikubwa. Nilipita nacho sokoni mara tatu bila kununua kitu.

Kazi nilimpa fundi Mulamba, Mzimba mmoja mpole sana wa maneno, akaja na ndugu zake. Tukakubaliana jiko mikono kumi kwa minane, vifaa na chakula juu yake, malipo mikono sabini siku ya kumaliza. Akataka kupima kiwanja, nikamwambia kaa, mzee, mwenye kupima ni mimi, nikalala kifudifudi mbele ya majirani nikapima ardhi kwa mkono wangu mwenyewe, yeye akachomeka vijiti ninapomwonyesha. Na niseme haki yao, wale watu walijua kazi. Ukuta ulisimama wima, majani yameezekwa mkunjo juu ya mkunjo, juu wakaacha tundu la moshi ambalo mvua hailioni, na wanawake waliipiga sakafu siku mbili wakiimba mpaka ikawa laini ungeweza kula juu yake. Nilikuwa naingia humo kila asubuhi kuangalia tu, nikitoka nainama taratibu kwa sababu ya kilemba.

Siku ya arobaini, asubuhi, Mulamba akaja kwa malipo. Nikaleta nguo, nikakunja kiwiko nianze kupima, akanigusa bega.

"Fundi, samahani. Mukono yako iko mufupi."

"Mfupi? Mkono huu umevalisha Kasongo nzima!"

"Njo sababu Kasongo muzima kanzu zinawafika kwa magoti," mtu mmoja akasema njiani, na hapo ndipo nilipoona kwamba watu wa soko wameanza kutua mizigo yao ya samaki na mawese kwenye uzio wangu.

Mulamba akanieleza kwa upole kwamba dukani kwangu, mimi mwenye kuuza nguo, hewala, mkono wangu ndio unaopima, lakini kazi ya kujenga ina desturi yake, anayelipwa ndiye anayetoa mkono, na kwao mkono unatolewa na huyu mdogo wake. Mdogo wake akasimama. Jamani! Mtu yule akisimama wima, vidole vinakaribia magoti. Na desturi ile naijua, kila mtu hapa anaijua, ila mimi kwa miaka yote nimekuwa upande wa kuuza nguo, sikuwahi kufikiri kwamba ufupi wa mkono wangu, ambao umenilisha vizuri sana (ndiyo, nakiri, msinitazame hivyo), siku moja utanigeukia.

Akapima. Sabini yangu ikatoka sitini kamili.

Wote wakanitazama kichwani. Sikuhitaji kuambiwa, merikani kila mtu anaitambua. Nikajaribu kucheka, hawakucheka, basi nikakifungua kilemba, mzunguko baada ya mzunguko, yule mdogo wake mrefu anapokea huku anapima kwa sauti na watu wa uzioni wanahesabu pamoja naye, na upara wangu, ambao hata Mwajuma haujui sana, ukatokea hadharani. Minane na nusu. Bado mkono mmoja na nusu.

"Na hii kanzu?" yule mrefu akauliza, si kwa ubaya, akainama akashika pindo. "Iko merikani vilevile."

Ndipo watu wa uzioni wakapisha njia, na mama mkwe wangu akaingia na mzigo wake kichwani.

Pa kuingia majanini hapakuwepo. Mama wa watu akaona upara, akaona kanzu imeinuliwa, akageuka papo hapo akajifunika uso kwa nguo yake, akaelekea ukutani mwa jiko jipya akauambia ukuta, "Niliambiwa nakuja kwa arobaini ya mujukuu. Sikuambiwa baba yake anauzishwa."

Nikajua nimekwisha. Nikamwona akilini Mwajuma anaondoka na mtoto mgongoni, na mimi nimebaki na jiko zuri lisilo na mtu.

Sauti ikatoka dirishani chumbani, imetulia kabisa. "Baba Rashidi. Ile akiba iko wapi?"

"Kichwani," nikasema. "Ilikuwa."

Nilingoja matusi, na Mungu anajua nilistahili. Lakini Mwajuma hakusema na mimi tena, akamwita fundi. "Mzee Mulamba, nguo umeipima na mukono ya ndugu yako. Hii jiko ulipima na mukono ya nani?"

Mulamba akatazama jiko, akanitazama mimi, akamtazama mdogo wake. Kisha akaanza kucheka, mzee yule, mpaka akakaa chini. "Ya mufupi, mama. Ya bwana yako."

"Basi mukono iwe moja tu."

"Njo haki. Chagua, mama. Nguo ipimwe na ya mufupi, ao jiko ipimwe na ya murefu?"

Mnaelewa nilivyojisikia? Mke wangu, anayelea, ambaye jiko lenyewe hajaliona ila kwa tundu la dirisha, amewashika wote kwa swali moja. Nikanyoosha mkono tayari kupokea kilemba changu.

"Ya murefu," Mwajuma akasema. "Jiko waongeze. Upande wa mbele, nipate mahali ya kutwangia."

Mulamba akainuka akaikunja nguo yote, na kilemba ndani yake, akamwambia mdogo wake aachie kanzu. "Ile imebaki basi. Mutu mwenye bibi kama huyu sitamuacha uchi." Wiki ile wakaongeza baraza ya kutwangia, pana, yenye paa lake, na Kasongo hii bado sijaona jiko linalolishinda.

Dua ya arobaini niliisoma nimevaa kikofia cha kazini, kina madoa ya mafuta. Mama mkwe hakuondoka na mtu. Alilipenda jiko lile akakaa miezi mitatu, na kwa kuwa alishinda humo kutwa nzima, mimi nikawa siwezi kupita uani kwangu, maji ya kunawa nayafuata kwa kuzungukia kwa jirani. Nikiwa huko nyuma ya ukuta nawasikia wawili wale wanatwanga na kucheka, najua wanamcheka nani, na nafurahi kwamba wapo. Tangu siku hiyo Mwajuma akitenga kitu, hata kiwe harage moja, mimi sikigusi.