Miti ya Marcienne Iliyoshika

Kwa watu wa milima ya Kivu Kusini, alikozaliwa Marcienne Munezero, anayehamia mahali hachori mpaka kwa kamba. Hupanda mti. Mti ukishashika, hata jirani mkorofi anajua hapa pana mwenyewe. Basi alipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, miaka kumi na miwili iliyopita, mjane mwenye watoto wawili, akapewa kipande cha shamba cha kulima maharagwe, kilichomkera si mawe wala ukame. Kilimkera kipande kukaa kitupu, bila mti hata mmoja wa kumshuhudia.

Ndipo ukaja mradi wa fidia ya mazingira. Kiwanda kimoja kilikuwa kimefukia kinamasi upande wa Biharwe, na mafunjo yake, na vyura wake, na korongo wake, na sheria ikakitaka kirudishe mahali pengine kilichoharibu. Mahali pengine pakawa Nakivale. Kila familia ilipewa bure miche mia ya miti ya asili, ipande kwenye kilima kilicho wazi au shambani kwake, ichague yenyewe.

Wengi walikwenda kilimani. Marcienne alipanda yote shambani, pembezoni na katikati ya maharagwe.

“Mwenye kupanda muti njo mwenye fasi,” aliwaambia majirani, yaani aliyepanda mti ndiye mwenye mahali. “Sasa nani atanifukuza hapa?”

Miaka miwili aliibembeleza miti ile. Alibeba maji kutoka ziwani, madumu manne kwa siku, akaizungushia miiba, akaikagua kila asubuhi kabla hajanywa chai. Watoto wakamtania kwamba miti imekuwa wadogo zao. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, na yeye kivuli alikwisha kukiona.

Mwezi uliopita wenye mashamba ya mradi waliitwa mkutanoni Mbarara. Marcienne alivaa kitenge chake cha kanisani. Alikaa na jirani yake, Laurent Karekezi, karibu na ramani iliyobandikwa ukutani. Afisa wa mradi, Bwana Nkusi, alimsimamisha mbele ya watu.

“Mama, hongera sana! Miti mia, imekufa nne tu. Hakuna mwingine kama wewe.”

Watu wakampigia makofi. Marcienne akacheka kwa haya, kisha akaona shamba lake limepakwa rangi ya kijani kwenye ramani. Akauliza ile kijani ni nini.

“Hiyo ni hifadhi sasa,” alisema Nkusi, bado anatabasamu. “Ya kilimani imekauka, kwa hivyo tunahesabu ile iko hai. Hakuna kulima ndani, hakuna kukata, miaka thelathini. Iko kwa fomu ile uliweka kidole.”

Kweli Marcienne aliweka kidole siku ya kupokea miche, hakuna aliyemsomea, na wala hakuuliza, kwa sababu kwao mti haumtoi aliyeupanda. Ndio unaomweka! Mvua zilikuwa zinakaribia na mbegu za maharagwe zilikuwa tayari nyumbani, kwenye ndoo.

“Na watoto yangu batakula nini? Nitalima wapi?”

“Hiyo tutaangalia, mama.”

“Na kile kiwanda? Kitatoka lini mu kinamasi ya batu?”

Nkusi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua litahamia wapi. “Kiwanda kinabaki. Kimesharudisha.”

Kimerudisha kipi, na kwa mikono ya nani? Kinamasi chenyewe Marcienne hakuwahi hata kukiona, wala hakumkanyaga chura wake mmoja. Akatafuta shamba la Laurent kwenye ramani. Lilikuwa jeupe. Laurent naye alipanda miche mia shambani kwake, lakini mbuzi wake waliitafuna yote kabla ya Pasaka, na kwa uzembe huo Marcienne alimsema hadi mbele ya mchungaji.

“Huyo hana miti,” alieleza Nkusi. “Anaendelea kulima.”

Laurent aliinamisha kichwa, akaona aibu kuliko siku ile ya mchungaji.

Walitoka nje. Langoni Marcienne alisimama, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kitenge, wala hakuyafuta.

“Laurent, mbuzi zako ziko ngapi?”

“Ziko saba.”

“Kesho usizifunge.”