Aliyezikwa kwa Jina la Kubandikwa

Harufu ya udongo uliolowa mvua na majani yaliyooza bado hunirudishia hofu ya utotoni. Ndiyo harufu ya makaburi ya kanisa kongwe lililokuwa nyuma ya shule yetu, Edmonton, Uingereza, ambako mwalimu alitupeleka nilipokuwa na miaka minane, mwaka wa tatu tangu tuhame Unguja baada ya mapinduzi. Alituonyesha jiwe lililoota kuvu, akasema hapo amelala kijana Mwafrika, mtumwa wa tajiri mmoja, aliyeletwa kwa meli akafa kwa baridi. Jina la bwana wake lilichongwa kwa herufi kubwa. La kijana lilikuwa la kubandikwa na huyo bwana. Wenzangu, weupe watupu, waligeuka kunitazama mimi.

Tangu siku hiyo nilimwogopa kijana yule. Bibi Mwanaidi, mama yake baba, alikuwa ameshanisimulia habari za mama yake, aliyeibwa Nyasa akiwa mtoto na kuuzwa Pemba kwenye mashamba ya karafuu. Watumwa wa huko, alisema, waliamini kwamba asiyezikwa na watu wa kwao hatulii. Hutembea akitafuta wa kumwonyesha njia. Basi nikajua kijana yule ameshanipata. Nikitoka shule nilikimbia hadi kituo cha basi bila kugeuka, nikisikia nyayo zangu mwenyewe nikadhani ni zake. Chakula kikanishinda. Mficha maradhi, kilio humfichua: siku ya nne nilimwangukia bibi jikoni, nikalia, nikamweleza yote.

Nilitarajia acheke. Alizima jiko, akavaa koti juu ya kanga zake, akachukua unga na chupa ya maji vya tambiko. Baba alimkataza, akasema huo ni ushirikina, na juu ya kaburi la Kikristo. Mwacha asili ni mtumwa, bibi akamjibu, lakini wako ambao hawakuiacha, walinyang'anywa.

Makaburini kulikuwa na manyunyu. Bibi alichuchumaa, akanyunyiza unga chini ya jiwe, akamimina maji, kisha akasema maneno ya Kinyasa, lugha ya mama yake, ambayo sikuwahi kumsikia akiitamka. Hilo lilinitisha kuliko kaburi lenyewe, kwani sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo. Nikaushika mkono wake nipate ujasiri, naye akaung'ang'ania wangu.

"Bibi, kumbe nawe unaogopa?"

"Naogopa, mjukuu wangu. Mama alizikwa pembeni mwa shamba la watu, hapana jiwe, na mikarafuu imepandwa juu yake. Hata nikirudi, sitajua nisimame wapi."

Akaniambia nimtajie kijana jina langu na la mama yangu, ajue amefikiwa na watu. Nikataja kwa kunong'ona. Hofu haikuniisha siku ile, ila sikukimbia tena.

Leo wajukuu wangu wanakielewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza, na hukatiza makaburini wakila chipsi bila wasiwasi wowote. Zamani nilidhani kutoogopa ni neema. Mimi niliwaogopa wafu kwa sababu niliambiwa wanatuhitaji. Hawa hawajaambiwa na mtu, na wa kuwaambia nilikuwa mimi.