Marehemu Amechoka Kufa

Saa tisa alasiri, ndani ya ukumbi wenye viti vya plastiki na pazia lililojaa viraka, mzee wa miaka sitini na miwili amelala chali jukwaani na hainuki. Huku si kuigiza. Kiuno kimegoma.

"Ngoja kwanza," anasema. "Nikilazimisha kuinuka sasa hivi, nitakufa kweli."

Mtaa mzima unamwita Marehemu. Ndiye mwenye kikundi hiki cha maigizo na mtunzi wa nyimbo zake zote. Kwa miaka thelathini ameigiza tajiri bahili anayeanguka na kufa mwisho wa onyesho. Watazamaji hupiga kelele, "Kufa tena!", naye huamka, hujipangusa vumbi na kuanguka upya. Kuna Jumamosi alikufa mara saba.

"Nimetunga nyimbo zaidi ya mia mbili," anasema kwa uchungu. "Niulize wanakumbuka ngapi. Wao wanachokumbuka ni ninavyodondoka kama gunia."

Daktari amemkataza kuanguka. Pingili mbili za mgongo zimesagika. Basi mwezi uliopita alibadilisha mwisho. Tajiri hakufa, alikaa kitini akaimba wimbo wa kutubu, uliomchukua miezi minne kuutunga. Ukumbi ukangoja. Alipomaliza bila kuanguka, watu wakasonya, na mmoja akaenda mlangoni kudai kiingilio chake: "Mzee mwenyewe hajafa."

Mkewe, anayeigiza mke wa tajiri, naye uvumilivu umemwishia. "Nimechoka kufiwa kila Jumamosi," anasema huku akimsugua mumewe dawa kiunoni. "Nyumbani namkanda, huku namlilia. Nipumzike lini?"

Ni yeye aliyeleta mpango mpya: kama watu wanataka kifo, atakufa mke, na tajiri aimbe ameketi. Onyesho ni Jumamosi hii. Hili nalo likikataliwa, kikundi kitakuwa hakina tena cha kuonyesha.

Kiuno kinapolegea, wanajaribu. Mke anapiga yowe, anashuka taratibu juu ya godoro na kutulia. Mpiga kinanda anaanza.

Marehemu anafungua kinywa. Anakifunga. Kinanda kinarudia mara ya pili, mara ya tatu. Macho yake hayabanduki pale godoroni.

"Imba basi," anasema mkewe, macho yamefumbwa. "Mimi nimekulilia miaka thelathini na sijasahau hata mstari mmoja."

Mzee anajifuta uso kwa leso.

"Jumamosi nitaimba," anamwambia mwandishi wa makala hii kwa sauti ya chini. "Ila kiti nitakigeuza. Nikimwona pale chini, siwezi."