Glasi Mbili za Maji ya Kinamasi

Baba mdogo alichoma kinamasi chetu Jumanne, siku ambayo mama alikuwa amekwenda soko la Ndhiwa. Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi nyumbani kwa likizo. Nilisimama ukingoni nikitazama mafunjo yakiungua, yakipasuka kama risasi. Matita ambayo mama alikuwa ameyakata na kuyaanika ili asuke mikeka yalikuwa mle ndani. Nilimwomba baba mdogo angoje niyatoe kwanza. Akacheka.

"Nyathina, mwanangu, hili ni tope tu," alisema. "Mbu na nyoka. Mimi nataka miwa hapa."

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na huyu mdogo wake alikuwa amejitwalia bonde letu lote bila kumuuliza mtu. Mama aliporudi hakupiga kelele. Alimwendea, akamwita shemeji, akamweleza kwamba chemchemi tunayoteka maji inalishwa na kinamasi kile, na kwamba kila mvua kubwa ikinyesha, kambare hupanda kutoka mto Kuja waje kutaga humo. Baba mdogo alimjibu huku amempa mgongo. Wiki hiyohiyo alichimba mtaro kukata bonde katikati hadi mtoni, maji yakaondoka.

Kiangazi kilichofuata chemchemi ilikauka. Mama akaanza kuteka maji mtoni, chini ya ukingo mrefu wenye utelezi, na huko ndiko alikoanguka akavunjika nyonga. Alilazwa Homa Bay kwa muda mrefu. Tangu hapo anatembea kwa fimbo. Baba mdogo, ambaye boma lake linatazamana na letu, alituma pole kupitia kwa jirani.

Kando ya kitanda cha mama hospitalini niliapa kwamba baba mdogo atanilipa. Watu husema walisomea jambo fulani kwa sababu walilipenda. Mimi nilisomea habari za maziwa, mito na vinamasi kwa sababu nilimchukia mtu mmoja. Nilipojifunza kwamba mafunjo hupunguza mwendo wa maji mpaka udongo ukatulia chini, nilijua alichoua. Nilipojifunza kwamba mbolea ikioshwa mashambani husafiri na mto hadi ziwani ikayanenepesha magugumaji, niliikumbuka ghuba niliyokuwa nikiiona nikitoka hospitalini, imefunikwa kijani kitupu, mitumbwi imekwama. Sehemu ya kijani cha ziwa lile ilikuwa ya miwa yake. Niliandika hivyo pembeni mwa daftari.

Nilirudi nikiwa mwalimu wa biolojia. Kwa misimu miwili ya mvua nilishuka bondeni asubuhi na kichungi cha chai na sahani nyeupe, nikichota wadudu wa majini. Kwa jirani wa upande wa juu, ambako mafunjo yalikuwa bado yamesimama, nilipata watoto wa kereng'ende na wadudu wengine ambao hawaishi ila kwenye maji safi yenye hewa ya kutosha. Mtaroni kwa baba mdogo nilipata vijinyoo vyekundu, vile vinavyovumilia maji yaliyokosa hewa, na karibu hakuna kingine. Niliandika yote, nikapiga picha, nikaenda Homa Bay kwenye ofisi ya mazingira. Wakaitisha kikao kwa chifu.

Baba mdogo alikuja amevaa koti. Afisa alipomuuliza kuhusu mtaro, alisema maji ni yaleyale, yanatoka kwa jirani na kupita kwake, yeye kosa lake nini? Sikuamini bahati yangu. Nilitoa kikapuni glasi mbili na chupa mbili, nikamimina mbele ya wote.

"Baba mdogo," nilisema kwa adabu zote, "hii imetoka kwa jirani. Hii imetoka kwako, hatua chache chini yake. Kama ni yaleyale, kunywa ya kwako."

Ya jirani ilikuwa angavu. Yake ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mama mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikasambaa. Baba mdogo aliitazama glasi, akanitazama mimi. Mdomo ulikuwa ukimcheza. Afisa alikuwa ameshaona alichotaka kuona, na ningeweza kuiondoa ile glasi. Niliisogeza karibu naye zaidi.

Aliamriwa auzibe mtaro na aache bonde lipumzike. Akauziba kwa jembe lake mwenyewe, na mimi nikawa nakwenda kukaa juu ya jiwe kumtazama. Siku ya tatu mama alishuka na fimbo yake, amebeba chupa ya uji. Alimimina kikombe, akampa kwa mikono miwili.

"Mama, huyo?" nilisema.

"Amechoka," alinijibu. "Umeshashinda. Unataka nini tena?"

Nilitaka zaidi, lakini singeweza kumwambia mama hivyo mbele ya baba mdogo.

Mafunjo yameota tena kutoka kwenye mizizi iliyonusurika moto. Chemchemi inatoa maji, ingawa kidogo. Kambare ni wachache. Nyonga ya mama iko vilevile.

Kila mwaka nawaleta wanafunzi wangu bondeni. Upande wa jirani kuna kivuli kizuri, lakini mimi huwasimamisha juani, mkabala na baraza ambapo baba mdogo hukaa mchana kutwa. Nauliza kinamasi kina kazi gani, na wakijibu kwa sauti ndogo, nawaambia sijasikia.