Msinipe Hata Mimi

Mwaka nilipomaliza kidato cha sita nilichaguliwa na vyuo viwili. Sikujua kwamba aliyechaguliwa na zaidi ya kimoja lazima athibitishe chuo anachokitaka, kwa namba anayotumiwa kwenye simu. Nyumbani kwetu Ipagala hakukuwa na mtu wa kuniambia. Nilikaa nikisubiri barua, na nafasi zote mbili zikapita. Nikautumia mwaka uliofuata kusoma miongozo ya udahili, mpaka nikawa naweza kukuambia jambo fulani liko ukurasa gani. Nilipoingia chuoni hatimaye, nilianza kuwasaidia wengine kuomba, hasa watoto wa wakulima na wafugaji ambao hawana wa kumuuliza.

Kazi hii naijua, nasema bila kuona haya. Lakini naijua kwa namna ya mtu mwenye hofu. Fomu naipitia mara nne. Mwaka jana nilikuwa na vijana kumi na tisa, na nywila zao zote nilizitunza mimi, kwenye daftari langu, kwa madai kwamba wao wangezikosea.

Mmoja wao alikuwa binti wa mfugaji wa Chemba. Alifaulu vizuri, akachaguliwa na vyuo viwili: hapa Dodoma kusomea uuguzi, na Morogoro kusomea sayansi ya wanyama na malisho. Majina yalipotoka tulikuwa na siku tano za kuthibitisha. Nne kati ya hizo nilizimaliza mimi. Nilichora jedwali la kulinganisha kozi hizo mbili, nikalifuta, nikalichora upya. Yeye sikumuuliza kitu. Nilitaka nimpelekee jibu lililokamilika.

Siku ya mwisho, saa tatu asubuhi, nikaingia kwenye akaunti yake na kuomba namba. Ilikwenda kwenye simu ya baba yake, kwa kuwa ndiyo simu pekee ya nyumba ile. Nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani?"

Nikajieleza. Nikamwambia kuna ujumbe umeingia sasa hivi, anisomee herufi na namba zilizomo.

"Nimeuona," akasema. "Sikusomei."

"Baba, ni mimi, yule wa maombi ya chuo."

"Yule binti wa maombi alikuja hapa, akatuita wazazi wote darasani. Akasema, msimpe mtu namba, hata mimi nikipiga kuziomba msinipe. Alirudia mara tatu. Wewe ungekuwa ndiye ungekumbuka."

Nilikuwa nimeyasema kweli nilipokwenda kijijini kwao, kwa sababu wazazi wengi wa pale walikuwa wameshatapeliwa kwa simu. Nikamwomba anipe binti mwenyewe.

"Yuko mnadani na mama yake. Na sauti yako si ile. Yule alikuwa anaongea taratibu."

Akakata. Nilipiga tena mara mbili, hakupokea. Niliiona nafasi ya binti wa watu ikipotea kama yangu ilivyopotea, tofauti ikiwa kwamba safari hii aliyeipoteza alikuwa mtu anayejua kila ukurasa wa mwongozo.

Saa tisa alasiri simu ikaita. Alikuwa binti, kwa simu ya baba yake.

"Dada, shikamoo. Baba anasema kuna tapeli kajifanya wewe." Alikuwa anacheka.

Nikamwambia leo ndiyo mwisho, anisomee namba haraka. Nyuma yake nikasikia sauti ya mzee: "Usimsomee."

"Baba kagoma," akasema. "Basi nitajie paswedi yangu. Baba kanifuata huku mnadani, na hapa jirani kuna steshenari yenye kompyuta, nitaingia mwenyewe."

Nilikuwa na sababu tano za kukataa, na nilizijua kwa mpangilio. Kisha nikafungua daftari nikamsomea, herufi moja moja. M kubwa, ya mama. Saba. Alama ya reli. Akasema asante, akakata kabla sijamwambia abonyeze chuo gani.

Nilibaki mbele ya kompyuta nikiufungua ukurasa wake upya kila baada ya dakika. Saa kumi kasoro maandishi yakabadilika: amethibitisha. Morogoro.

Nikampigia. "Umekosea kubonyeza?"

"Hapana, dada. Nimesoma zote mbili."

"Uuguzi una kazi ya uhakika. Nimekuchorea na jedwali."

"Jedwali sijaliona," akasema, bila ubaya. "Kwetu ng'ombe wanakufa wakati majani yapo. Nataka kujua kinachowaua ni nini."

Sikuwa na safu ya jambo hilo kwenye jedwali. Nikamwambia hongera, na baada ya kukata simu nikagundua kwamba niliimaanisha kabisa. Yuko huko sasa, mwaka wa kwanza.

Wiki ile ile niliwaita wale wengine kumi na nane kwa zamu, kila mmoja abadilishe nywila yake nami nikiwa nimegeuka upande wa pili. Kijana mmoja kutoka kijiji cha Zuzu aliikosea mara tatu, akafungiwa akaunti. Zamani ningemnyang'anya kompyuta. Tukaagiza chai, tukasubiri ifunguke, akaanza tena.