Nilimwonyesha Nilipo kwa Mkono Wangu

Mume niliyemkimbia alinikuta kwenye saluni ya tatu niliyohamia, kabla sijamaliza hata wiki.

Nilikuwa nimeinamia kichwa cha mteja, nasuka mstari wa pili. Kuinua macho kwenye kioo, huyo hapo mlangoni. Anatabasamu.

"Mke wangu, kumbe umejificha huku?"

Jamani!

Nilishahama mtaa. Namba nilibadilisha. Mitandaoni kote nilimfungia asinipate. Bado tu.

Nikasingizia naenda kuchota maji, nikatokea mlango wa nyuma. Mbio, kitana mkononi.

Nani anamwambia? Nilishamtuhumu mdogo wangu wa kike, maana yeye tu ndiye aliyejua saluni yangu ya kwanza. Nilimtukana matusi ya nguoni. Miezi minne hatusemezani.

Nikajitupa kwa fundi simu, mtaa wa pili.

"Kaka, niangalizie hii simu. Kuna mtu anajua kila ninapokwenda."

Akabonyeza, akabonyeza.

"Dada, hukuwekewa kitu. Kwenye ramani ya simu yako umemruhusu mtu akuone ulipo. Hata sasa hivi anakuona."

"Mimi? Acha utani!"

Akanigeuzia simu. Picha ya mume wangu.

Nikakumbuka. Wiki moja baada ya ndoa: "Washa hapa, mpenzi, niwe najua umefika salama." Nikawasha mwenyewe, nacheka. Namba nilikuja kubadilisha, lakini akaunti ni ile ile.

Masikini mdogo wangu.

"Niizime?" Kidole cha fundi kiko tayari.

Nilitaka kusema ndiyo. Kisha nikawaza: tangu anivunje mkono, polisi wanamtafuta. Kila wakienda, katoka.

"Iache kwanza."

Fundi akafunga duka, akanisindikiza hadi kituo cha polisi. Kituo chenyewe ni vyumba viwili tu, vimebanwa katikati ya maduka, bila hata bango.

Afande wa kike pale kaunta alinisikiliza hadi mwisho. "Kaa kwenye benchi. Simu usiiguse."

Dakika kumi. Ishirini.

Nikaazima simu ya fundi, nikampigia mdogo wangu. "Nisamehe. Hukuwa wewe."

Nikasikia analia.

Sijakata simu, viatu vikasikika mlangoni.

Akaingia kichwa chini, macho kwenye simu yake, anafuata kidoti kinachoonyesha nilipo. Alipokuja kuinua uso, afande mmoja yuko mbele, wawili nyuma.

"Karibu," afande wa kike akamwambia. "Tumekutafuta, tukachoka. Kumbe unajileta."

Akageuka atoke, lakini wale wawili walishaziba mlango.

Ndugu yangu unayesoma, fungua simu yako leo. Angalia ni nani uliwahi kumruhusu akuone. Mtu uliyemfungulia mlango kwa mapenzi hatoki kwa sababu mapenzi yameisha. Mtoe mwenyewe. Na kabla hujamnyooshea kidole ndugu yako, anza na mkono wako.