Bi Refika na Robo ya Nne

Bi Refika aliuza tiketi za bahati nasibu ya taifa mjini kwetu Amasya kwa miaka ishirini na sita, pale darajani, karibu na mnara wa saa. Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa bweni la wanafunzi, mpaka magoti yakamgomea. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa ameshafariki, na watoto hawakujaaliwa. Alikuwa na meza ya kukunja, mwavuli uliopauka, na kamba aliyobania tiketi kwa vibanio vya nguo. Mimi nilikuwa na chumba cha chai hatua kumi kutoka hapo. Mengi ya haya niliyaona kwa macho, na mengine nilisimuliwa na wenyewe, gilasi ya chai ikiwa katikati yetu.

Wauzaji wengine walipiga kelele kutwa kwamba bahati inapita, ikamateni. Bi Refika hakumwita mtu. Aliketi akifuma soksi za sufu, na mteja akifika ndipo alipofungua kinywa.

"Dada, nichukue ipi?" mgeni angeuliza.

"Inategemea unataka kuhangaika muda gani," angejibu bila kuinua macho. "Tiketi nzima ni ndoa. Unaingia mzima mzima, na siku ya droo unajua umepata nini. Nusu ni uchumba. Robo ni jirani mwenye macho mazuri. Hii ya kuchagua namba sita mwenyewe ni ya watu wanaodhani Mungu anangoja ushauri wao. Na hizi za kukwangua kwa sarafu ni kukonyezana sokoni, ukifika kwenye kona umeshasahauliwa."

"Na nikipata tarakimu ya mwisho peke yake?"

"Unarudishiwa pesa yako. Ni kama mchumba aliyerudisha pete. Hujapata hasara, lakini usishangilie."

Watu walimpenda kwa maneno hayo, ila walimheshimu kwa jambo jingine: hakuwahi kumtaja mtu aliyenunua kwake. Wake walikuja kuwauliza waume zao, waume wakaja kuwauliza wake zao, na mkwe mmoja alikuja na sinia la vitamutamu vya baklava kumuulizia bwana harusi. Bi Refika alikula baklava, akamsifu mpishi, akaendelea na soksi yake.

Mtu pekee aliyempinga waziwazi alikuwa Mwalimu Nusret, mwalimu mstaafu wa hesabu. Kila alasiri alikaa kwenye chumba changu cha chai, kwenye kiti kinachotazama daraja, akiwafundisha wasiotaka kufundishwa. Bahati nasibu aliiita kodi ya wasiojua kugawanya. Alikuwa amepiga hesabu kwenye karatasi, akathibitisha kwamba mkazi wa Amasya ana nafasi kubwa zaidi ya kuangukiwa na mbuzi kutoka mlima wa ngome kuliko kupata zawadi kubwa. Kuna mzee aliyeacha kupita chini ya mlima kwa sababu ya hesabu hiyo.

Basi, mwaka wa kumi na tisa wa kazi ya Bi Refika, mwezi wa pili, theluji ikiwa inayeyuka na kuchafua kila kitu, gazeti la asubuhi likatoa namba za droo. Namba moja iliyopata zawadi nono ilikuwa imetoka kwenye kamba yake. Haikuwa zawadi ya kwanza, lakini ilitosha. Tiketi ile ilikuwa imeuzwa robo robo kwa watu wanne, na kila robo ilitosha kununua nyumba ya vyumba viwili inayotazama mto.

Kufika adhuhuri, watatu walikuwa wamejitokeza. Kadri wa bucha alimfunga kondoo utepe mwekundu shingoni akampitisha sokoni. Bi Sabiha wa hamamu, nyumba ya kuogea, alitupa mtoni bakuli lake la shaba la kumwagia watu maji, kisha akamtuma mtu akalitoe. Karani wa posta alikuja kwangu, akaketi, akaomba chai bila sukari, akaiacha ikapoa. Wa nne hakutokea.

Hadithi hii si ya kufichana, kwa hiyo nasema mapema: robo ya nne ilikuwa ya Mwalimu Nusret. Aliinunua siku ya mvua, darajani hakuna mtu, baada ya mkewe kumwambia kwamba mwanamume asiyewahi kujaribu kitu hana haki ya kuwacheka wanaojaribu. Alimwambia Bi Refika kwamba ni kwa ajili ya utafiti. Sasa ilikuwa mfukoni mwake kama kaa la moto. Meneja wa benki ya mjini iliyolipa zawadi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyewahi kuandikishwa mara mia moja ubaoni: Bahati si mpango.

Sisi wengine hatukujua. Tulimuuliza Bi Refika ni nani.

"Nimesahau," alisema.

Mwanamke huyo alikumbuka chai aliyoagiza kila mtu miaka kumi iliyopita. Tukajua hatasema, tukaanza kutafuta wenyewe. Na watu wakitafuta, hupata, hata kama kitu hakipo.

Wakampata Vehbi, fundi viatu. Alikuwa kapera wa miaka hamsini na mbili, aliyekuwa amemuuguza mama yake mpaka ujana wake ukaisha. Juma lile lile alikuwa amefunga duka siku mbili, akaenda mji wa Samsun, ambako pia zawadi hulipwa, akarudi amejifunga skafu usoni, hazungumzi na mtu.

"Nilikwenda kung'oa jino," alisema.

"Jino gani?" akauliza Kadri.

Vehbi akafungua kinywa, bucha zima likachungulia.

"Kweli pengo lipo," Kadri akasema. "Amejitengenezea nafasi ya jino la dhahabu."

Kuanzia hapo, kila alivyokana ndivyo walivyozidi kuamini. Akisema sina kitu, walisema angalia tajiri alivyo mnyenyekevu. Akikasirika, walisema pesa zimeshaanza kumpanda kichwani. Kadri alimpelekea maini kila Ijumaa, akisema sisi wanne ni ndugu. Watu walileta viatu visivyo na tundu. Kwetu upande wa mume ndio huenda kuposa, lakini mwezi ule desturi ilipinduliwa miguu juu: mabakuli ya supu ya bamia yalifika dukani kwa Vehbi kutoka nyumba tatu zenye wanawali, na Bi Sabiha alimleta mpwa wake mwenyewe, mara tatu, kubadilisha kisigino cha kiatu kile kile.

Vehbi alikwenda darajani.

"Bi Refika, nakuomba, waambie si mimi."

"Siwezi, Fundi. Nikisema si wewe, kesho wataniuliza kama ni mwokaji, kesho kutwa kama ni kinyozi. Mji huu wanajua hesabu ya kutoa. Watatoa mmoja mmoja mpaka abaki mwenyewe."

"Kwa hiyo nife tajiri?"

"Wengi wamekufa na mabaya zaidi. Kaa unywe chai."

Akakaa. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Lilikuwa ndilo kimbilio pekee mjini ambapo hakuna aliyemtaka kitu. Alitengeneza mguu wa meza uliokuwa ukicheza, akatia soli mpya kwenye buti za Bi Refika. Waliongea habari za magoti, na za mama zao, na za bei ya ngozi. Mimi nilipeleka chai, nikichelewa makusudi kuondoa gilasi tupu.

Mwalimu Nusret naye alikuwa ameacha kufundisha. Alikonda. Siku moja nilimwona amesimama mbele ya meza ya Bi Refika, kofia imeshuka mpaka nyusi, anamuuliza ni saa ngapi, wakati mnara wa saa uko juu ya kichwa chake. Baadaye yeye mwenyewe alinieleza walichosemezana.

"Nenda unichukulie pesa Samsun," alimwomba.

"Mwalimu, kazi yangu ni kuuza. Kuchukua ni kwa mwenyewe."

"Nimesema mbele za watu miaka thelathini."

"Basi sema siku moja zaidi. Sema ulikosea."

"Sikukosea. Hesabu ni ile ile. Mimi ndiye niliyeiharibu."

Mwezi wa tano, matufaha yakiwa yamechanua, Vehbi aliarifiwa kwamba mashangazi wa mpwa wa Bi Sabiha watamtembelea Jumapili na sinia la posa. Alikuja mbio darajani akiwa na aproni na nyundo mkononi. Nilikuwa hapo hapo na kisahani changu.

"Bi Refika, mji mzima unapenda pesa nisizokuwa nazo. Wewe peke yako unajua sina kitu."

"Najua."

"Na bado unaninywesha chai."

"Chai ni ya huyu," akanionyesha kwa sindano.

"Basi mimi naona," Vehbi akasema, kisha akaitazama nyundo kama vile inaelewa, "naona heri nioe mtu anayejua ukweli. Kama anakubali."

Bi Refika alihesabu mishono yake mpaka mwisho wa mstari. "Watasema nimekufuata kwa ajili ya robo."

"Waseme."

"Watasema nilijua tangu mwanzo, ndiyo maana nikanyamaza."

"Lakini ulijua kweli."

Hapo akacheka, na mwavuli ukatikisika. Walifunga ndoa siku kumi baadaye.

Mji uliwaka. Tuliambiwa kwamba mwanamke yule ni mjanja kuliko mbweha, kwamba alificha siri ili amle tajiri peke yake. Bi Sabiha akakataa kumsugua mgongo. Wateja wakapungua, kamba ikabaki imejaa. Bi Refika aliendelea kufuma, lakini siku moja soksi ililala mapajani haijaguswa. Akaniambia, "Miaka kumi na tisa sijamtaja mtu. Sasa natajwa mimi."

Nadhani Mwalimu alisikia, kwa maana siku ya soko alisimama chumbani kwangu, akagonga meza kwa kijiko, akaweka ile robo mbele ya watu. "Nyamazeni," alisema. "Robo ya nne ni yangu. Niliinunua mwenyewe. Vehbi ni maskini kama alivyowaambia, na Bi Refika hajamdanganya mtu."

Kisha Kadri akamwegemea. "Mwalimu, Vehbi amekulipa kiasi gani useme hivyo?"

Watu wakacheka. Mwalimu akawa mwekundu kama pilipili. Alieleza, wakatikisa vichwa kwa huruma. Alipiga mahesabu, wakasema ndiyo, ndiyo. Kwa miaka thelathini walikuwa wamemwamini kila alichosema juu ya tiketi, na siku aliyosema la kweli juu yake mwenyewe hakuna aliyelikubali. Mwishowe ikabidi watu kumi na wanne waongozane naye benki. Meneja aliigeuza robo, akaona jina lililoandikwa nyuma kwa mwandiko alioufahamu tangu utotoni, akasimama wima nyuma ya meza yake kama mtoto wa shule.

Maini ya Ijumaa yalikatika siku ile ile. Vehbi alisema hajawahi kulala vizuri kama usiku aliorudi kuwa maskini. Wale waliomsema Bi Refika hawakuomba radhi kwa maneno, lakini juma lile kamba yake ilikwisha kabla ya saa nne asubuhi, na Bi Sabiha alimpelekea ujumbe kwamba hamamu ni moto na zamu yake imewekwa. Alikwenda. Alisuguliwa, aliniambia, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mwalimu alimnunulia mkewe nyumba yenye roshani juu ya mto. Aliendelea kufundisha hesabu chumbani kwangu, na hesabu zilikuwa sahihi, ila alipofika kwenye mbuzi watu waliomba chai nyingine.

Bi Refika aliuza miaka saba zaidi, mpaka tiketi zikaanza kutoka kwenye mashine na vibanio vikakosa kazi. Sasa wanaishi ghorofani juu ya duka la viatu. Analalamikia harufu ya gundi, Vehbi analalamikia chumvi kwenye bamia, na madirisha yakiwa wazi mtaa mzima huwasikia.